Mkalimani wa Bosi

Kuna watu wakipata habari njema hukaa chini kwanza, wakanywa maji, wakaitafuna taratibu. Fundi Baridi hakuwa mmoja wao. Kwake habari njema iliingia moja kwa moja miguuni. Siku alipoambiwa kwamba mkewe ana mimba ya mapacha, alitoka kliniki mbio kwenda kuwaambia watu, akafika kona ya pili ndipo akakumbuka kuwa mkewe bado yuko ndani, amelala kitandani, tumbo limepakwa yale mafuta ya kipimo. Akarudi anahema.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" mkewe akamuuliza.

"Kuwaambia watu," akasema. Watu gani, mpaka leo hajasema.

Jina la Baridi alipewa na wateja, kwa kuwa kazi yake ni kutengeneza mafriji. Kazi hiyo aliifundishwa na mjomba wake tangu ujana, kwenye kibanda kilichojaa milango ya mafriji isiyo na mafriji yake. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Waliomjua vizuri walilicheka hilo jina, maana hakukuwa na kitu chochote baridi ndani ya mtu huyu.

Mapacha wenyewe walikuja kila mmoja kwa staili yake. Msichana alitangulia, akalia kwa nguvu mpaka mkunga akacheka. Mvulana alikawia. Alitoka kimya, rangi imembadilika, wakamkimbiza chumba cha watoto wachanga. Aliponea chupuchupu. Baadaye daktari aliwaeleza wazazi kwamba ubongo wake ulikosa hewa kwa muda. Miguu itakuwa mizito, na ulimi vilevile. Fundi akauliza kuhusu akili. "Hiyo tutaiona kadiri anavyokua," daktari akasema. Neno hilo, *tutaiona*, lilimkaa Fundi rohoni miaka yote iliyofuata.

Msichana walimwita Kasuku, na hilo halihitaji maelezo. Mvulana walimwita Bosi, kwa sababu alikaa kwenye kiti chake chenye mito, akanyoosha kidole, na kitu kikaletwa. Mletaji mara nyingi alikuwa Kasuku. Maneno ya Bosi yalitoka yamevutika na kushikana, sauti ndefu moja ambayo mgeni asingeambulia kitu, lakini Kasuku aliielewa kama watu wengine wanavyoielewa redio.

"Anasema ana kiu."

"Anasema mto umemkaa vibaya."

"Anasema hataki maziwa yake, ninywe mimi."

Nyumba nzima ilizoea. Hata mama yao, aliyekuwa akiuza kwenye duka la dawa na si mtu wa kudanganywa kirahisi, alimuuliza Bosi swali huku macho yake yakiwa kwa Kasuku.

Sasa, asubuhi moja Fundi aliitwa ofisi ya elimu ya wilaya. Friji la jikoni lilikuwa linavuma kama ndege na haligandishi hata maji. Akalivuta katikati ya chumba, akafungua mgongo wake, akapiga magoti. Alipoinua kichwa kutafuta bisibisi, macho yakagonga tangazo lililobandikwa ukutani juu ya sinki. Uandikishaji wa watoto wa darasa la awali katika shule za umma. Watoto wote waliofikia umri, wakiwemo wenye mahitaji maalumu. Tathmini, mafunzo ya matamshi, mazoezi ya viungo na usafiri, vyote kwa utaratibu wa shule, bila malipo.

Alisoma mara ya kwanza. Akasoma tena. Afisa mmoja akaingia kuchukua kikombe chake.

"Samahani, dada," Fundi akasema, bado amepiga magoti. "Hili neno *wote* hapa, ni wote kweli, au ni wote wa kwenye karatasi?"

"Wote ni wote, fundi."

"Hata asiyetembea?"

"Hata asiyetembea."

"Hata ambaye akisema, anaeleweka na dada yake tu?"

Yule afisa akakiweka kikombe chini. "Fundi, una mtoto?"

"Ninao wawili," Fundi akasema, na hapo miguu ikamwasha.

Hakumbuki alivyoaga. Alikata mitaa mpaka duka la dawa, akaingia anatoka jasho, akasimama mbele ya mkewe aliyekuwa anamhesabia mzee mmoja vidonge. "Wote ni wote!" akapaza sauti. Wateja wakasogea kaunta haraka, wakidhani dawa zinagawiwa bure. Mkewe alimaliza kuhesabu, akamfungia mzee dawa zake, ndipo akasema, "Haya. Anza mwanzo."

Friji la ofisi ya elimu lilikaa katikati ya jiko, mgongo wazi, hadi kesho yake.

Jioni ile nyumbani kukawa na kikao. Shangazi, dada mkubwa wa Fundi, aliishi nao tangu mapacha wazaliwe. Ndiye aliyekuwa akimnyoosha Bosi miguu kila asubuhi kama walivyoelekezwa hospitali, akimwimbia ili asilie, na hakuna aliyempenda mtoto yule kuliko yeye. Ndiyo maana maneno yake yalikuwa mazito.

"Mdogo wangu, mpeleke msichana," akasema. "Huyu tumwache mwaka mmoja akomae. Watoto wa watu watamcheka. Nani atamfuta mate kule? Nani atajua anataka kwenda chooni?"

Fundi akanywea. Furaha yote ya mchana ikamtoka kama hewa kwenye mpira. Ni kweli, nani atajua?

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Hakuinua uso. "Wifi, atakomaa vipi akishinda na sisi watu wazima? Tunakwenda nao wote wawili, siku moja, foleni moja. Wakimkataa, wamkatae mbele yangu, niwasikie."

Kwenye kiti chake Bosi akatoa sauti ndefu, mikono ikirukaruka.

"Anasema anataka kwenda shule," Kasuku akatafsiri.

"Umemsikia wewe tu," Shangazi akasema, lakini sauti yake ilikuwa imelegea.

Siku ya uandikishaji Fundi aliamka kabla ya jogoo wa jirani. Akapiga pasi shati lake, akapiga pasi gauni la Kasuku na kaptura ya Bosi, na kwa kuwa pasi bado ilikuwa ya moto na mikono ilikuwa inamwasha, akapiga pasi soksi. Shule ilikuwa jengo refu la ghorofa moja, milango ya buluu, na foleni ilianzia mlango wa ofisi ikazunguka mpaka kwenye mabomba ya maji. Wazazi walikuwa wamevaa kama wanakwenda harusini. Watoto walikuwa tayari wamekwisha kuchafuka.

Ofisini alikaa karani mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba.

"Haya, mrembo, unaitwa nani?"

"Mimi Kasuku, na huyu Bosi, ni pacha wangu, mimi nimemtangulia, ana kaptura mpya, na baba amepiga pasi soksi!"

Karani akamtupia Fundi jicho. Fundi akatazama dari. Jina la kweli likatajwa, cheti kikaonyeshwa, na Kasuku akaandikwa kabla hajamaliza habari ya soksi. Kisha karani akamgeukia Bosi, aliyekaa mapajani kwa mama yake akiicheka feni inayozunguka darini. Akainua kalamu. Akaishusha.

"Huyu siwezi kumpangia darasa leo."

Damu ikampanda Fundi kichwani. "Tangazo linasema wote!" Sauti ile ya mtaa wa pili. Foleni nzima ikageuka. "Nimelisoma mwenyewe, jikoni ofisi ya elimu, juu ya sinki!"

Mkewe akamfinya mkono.

"Baba, kaa kwanza," karani akasema, wala hakukasirika. "Sijasema hapana. Nimesema leo. Nikimwandika tu hivihivi, atawekwa nyuma ya darasa, mwalimu atampenda, watoto watamzoea, na mwaka utaisha hajafundishwa chochote. Nimeona hayo. Kwanza aonwe na wataalamu, tujue anahitaji nini, ndipo apewe mahali pake. Nafasi yake ninayo. Tazama, namwekea hapa, chini ya dada yake."

Fundi akatazama. Kweli jina lilikuwepo. Hasira ikageuka ikawa kitu kingine, akaushika mkono wa karani akautikisa, akautikisa tena, mpaka mama wa nyuma yake kwenye foleni akauliza kama huo mkono una mwenyewe.

Wiki iliyofuata wakaitwa kwenye tathmini. Kilikuwa chumba cha pembeni chenye zulia, viti vidogo na kioo kilichotundikwa chini, usawa wa mtoto. Walipokewa na watu wawili: mwalimu wa elimu maalumu, mwanamume mrefu aliyejikunja kama kiwiko ili akae kwenye kile kiti kidogo, na mtaalamu wa matamshi, msichana mchangamfu aliyekuwa na beseni la plastiki lililojaa midoli, vikombe na kadi za picha. Kasuku naye alikuwepo. Kumwacha nyumbani kulijaribiwa kukashindikana.

"Bosi," mtaalamu akaanza, akiinua gari la mdoli, "hii ni nini?"

"Gari," akasema Kasuku.

"Lina rangi gani, Bosi?"

"Jekundu. Anasema jekundu."

Bosi alikuwa hajafungua mdomo.

"Bosi, unapenda kucheza na nani?"

"Na mimi!"

Mtaalamu akacheka, akaliweka gari chini, akawatazama wazazi. "Mama, naomba umpeleke dada mtu nje akaone bembea. Baba abaki."

Kasuku akashika ukingo wa meza. "Nani atamsemea?"

"Tutamngoja aseme."

"Anachelewa!"

"Tutangoja," mtaalamu akasema. "Leo hatuna haraka hata kidogo."

Mlango ukafungwa. Chumba kikawa kimya, kimya ambacho Fundi hakuwahi kukisikia mahali alipo mwanawe. Akakalia mikono yake, maana mwalimu alikuwa amemwomba kwa upole asimsaidie mtoto, asikohoe, wala asikonyeze.

Mtaalamu akapanga kadi tatu za picha: maji, chai, maziwa. "Bosi, unataka kunywa nini?"

Bosi akautazama mlango. Akamtazama baba yake. Fundi akajiuma ulimi. Mkono wa mtoto ukainuka, ukayumba, ukapita hewani kama nzi anayetafuta pa kutua, ukarudi, ukainuka tena. Mtaalamu hakusogea. Mwalimu hakusogea. Fundi alizidi kuikalia mikono yake. Kisha kile kidole kikatua katikati ya kadi ya maziwa, kikabaki hapo.

"Maziwa?" Fundi akaropoka. "Lakini yeye hapendi maziwa! Hanywi maziwa tangu..." Akanyamaza. Miaka yote ya *anasema hataki, ninywe mimi* ikampita kichwani kwa mpigo.

"Maaa-zi-wa," Bosi akasema, akimtazama usoni. Yalitoka kwa shida, yamevutika, lakini safari hii Fundi alikuwa anasikiliza, na alisikia.

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza hayakujua tena kama ni ya kicheko. Maziwa yakaletwa. Bosi akayanywa yote kwa kushikiwa kikombe, akalamba mdomo, na kazi ikaendelea. Akaonyesha rangi zote. Akapanga vikombe kwa ukubwa, kimoja kikaanguka, akakinyooshea kidole mpaka kikaokotwa. Akaonyesha picha ya mtu anayelala na picha ya mtu anayelia. Mwalimu alipokosea makusudi, akaita mbuzi ng'ombe, Bosi alirusha kichwa nyuma akacheka kwa sauti, sauti ileile ya baba yake. *Tutaiona*, alisema yule daktari. Fundi alikuwa anaiona sasa hivi, peupe, kwenye zulia la shule.

Mwishoni mtaalamu akamuuliza, "Bosi, tumwite Kasuku aje akusemee?"

Mtoto akavuta pumzi. Mabega yakapanda. "Mi... mi. Mwe... nyewe."

Fundi akasimama, akakaa, akasimama tena. Ilibidi mwalimu amfungulie mlango atoke nje akapunge hewa.

Baada ya hapo kulikuwa na kikao cha mpango wa mtoto. Wakakaa wote kuzunguka meza, pamoja na Shangazi, aliyekuja amebeba mkoba mkubwa na maswali mengi kuliko vilivyomo mkobani. Wataalamu walieleza taratibu. Bosi ataingia darasa la awali la kawaida, na humo atakuwa na mwalimu msaidizi. Atatolewa kwa vipindi vya matamshi na vya mazoezi, atapewa kiti cha magurudumu kinachomshika vizuri na fremu ya chuma ya kushikilia akitembea. Basi la shule litamfuata nyumbani. Shangazi aliuliza kuhusu mate, akajibiwa. Akauliza kuhusu choo, akajibiwa. Akauliza kuhusu watoto wenye kucheka, na mwalimu wa elimu maalumu akasema, "Watacheka siku ya kwanza, mama. Siku ya tatu watagombania kumsukuma. Hapo ndipo kazi yangu huwa ngumu."

Lililomgonga Fundi lilikuja mwisho. Mapacha watakaa madarasa tofauti, angalau mwanzoni.

"Hao wamekaa tumbo moja!" akasema. "Mtawatenganishaje?"

Mkewe ndiye aliyejibu. "Tumemsikiliza Bosi kwa mdomo wa mwenzake miaka yote. Wewe si ulikuwepo chumbani? Siku tuliyomtoa Kasuku ndiyo siku aliyosema." Akaigeukia meza. "Tunakubali."

Kasuku alipopewa habari aliuliza swali moja tu. "Na wasipomwelewa?"

"Watamuuliza tena," mama yake akasema.

Basi! Nani aliyelala vizuri usiku wa kuamkia siku ya kwanza? Asubuhi Shangazi alijaza mkoba wa Bosi vitambaa vya kutosha kufuta mate ya shule nzima. Majirani wakatoka vibarazani. Basi likapinda kona, la njano iliyopauka, ubavuni lina mlango mpana na ubao wa chuma unaoshuka hadi chini. Dereva akabonyeza kitufe, ubao ukashuka unalia kama paka. Bosi na kiti chake wakawekwa juu yake, na taratibu wakaanza kupanda hewani. Macho yakamtoka mtoto. Akatoa sauti ndefu.

Kwa mazoea Fundi akageuka kumtafuta Kasuku atafsiri. Kisha akajizuia. Akasogea mpaka uso wake ukawa usawa wa uso wa mwanawe.

"Unasemaje, Bosi?"

"Teee-na!"

"Tena!" Fundi akampigia kelele dereva. "Anasema tena!"

Dereva akamshusha, akampandisha tena, na mtaa mzima ukapiga makofi. Shangazi alikuwa analia ndani ya kitambaa kimoja kati ya vile vya Bosi.

Ule wasiwasi wote walikuwa wameupeleka kwa mvulana. Hakuna aliyemwangalia msichana. Kwa hiyo mwalimu wa Kasuku alipowaita baada ya siku kadhaa akawaambia kwamba binti yao hasemi, Fundi alicheka.

"Mwalimu, utakuwa umechanganya watoto."

"Njoo uone, baba."

Akachungulia dirishani. Watoto wenzake walikuwa wanaimba na kupiga makofi. Kasuku amekaa mwisho wa mkeka, mikono mapajani, midomo imefungwa. Mwalimu akamuuliza anataka karatasi ya rangi gani. Mtoto akatazama pembeni, kushoto, mahali ambapo siku zote palikuwa na kiti chenye mito. Hapakuwa na mtu. Akainamisha kichwa.

Fundi akamwita mkewe aje aone. Wakaenda kwa mtaalamu wa matamshi, yule wa beseni. Aliwasikiliza, kisha akasema kazi ya Kasuku tangu aanze kusema ilikuwa kusema ya mwingine. Sasa kazi imeondoka, na yeye akiulizwa anataka nini, hajui aanzie wapi. "Hana ugonjwa wowote. Lakini huduma zetu si za Bosi peke yake. Nitakuwa ninakaa naye kidogo. Nanyi nyumbani muulizeni yeye. Mkishauliza, mngoje, kama tulivyomngoja kaka yake."

Wakaanza. Mezani mama akimaliza kumuuliza Bosi, anageuka: "Na wewe, Kasuku, unataka nini?" Mwanzoni Kasuku alijibu, "Bosi anataka..." na mama akasema kwa upole, "Hapana, Bosi keshasema. Wewe." Nyumbani maneno yakarudi polepole. Shuleni, kimya bado.

Basi, baada ya miezi michache ya mazoezi ya Bosi, asubuhi moja Fundi alipita shuleni kumwona mwalimu. Ilikuwa mapumziko, uwanja umejaa kelele, akasimama kando ya uzio kungoja. Akamwona Kasuku amesimama karibu na bembea, haombi, hasogei, watoto wanampita. Na upande wa pili wa uwanja akamwona Bosi kwenye fremu yake ya kutembelea, mwalimu msaidizi nyuma yake hatua chache. Bosi alikuwa amemwona dada yake.

Akaanza safari. Fremu mbele, mguu, mguu. Fremu mbele, mguu. Mpira ukampita, hakuugeukia. Mtoto mmoja akataka kumsaidia, akamtikisia kichwa. Fundi alishika waya wa uzio kwa mikono yote miwili. Katikati ya uwanja Bosi akasimama kupumua, uso umeiva, kisha akaendelea mpaka akafika mbele ya mwalimu wa Kasuku.

"Mwa-limu."

"Naam, Bosi." Mwalimu akachuchumaa, akangoja.

"Ka... suku. Anataka. Beee-mbea."

Watoto wakakusanyika. Mwalimu akamgeukia msichana. "Kweli, Kasuku? Unataka bembea?"

Kasuku akamtazama mwalimu. Akamtazama kaka yake. Mashavu yakamvimba, nyusi zikakutana, na mdomo ukafunguka kama bomba lililozibuliwa.

"Hapana! Sitaki bembea! Nataka kuteleza, pale kwenye ile ya bluu, tangu juzi nataka, na ile foleni inakatwa na huyu hapa mwenye viatu vya taa, na wewe Bosi hujui, usinisemee!"

Kisha mwalimu akaanza kucheka, watoto wakacheka, na kutoka kwenye uzio kikasikika kicheko kingine, cha mtu mzima aliyekuwa anarukaruka peke yake, akimwambia mwuza maji aliyekuwa anapita, "Amesema! Umemsikia? Anasema hataki!" Mwuza maji akaitikia kwamba amesikia, asingeweza kutosikia. Kasuku aliteleza mara ya kwanza, na ya pili, na alipofika chini alikuwa bado anaongea.

Jioni Fundi akamkalisha Bosi mbele yake. "Mwanangu, niambie ukweli. Ulijua hataki bembea?"

Bosi akajikusanya. "Niii-li-jua," akasema, akatupa kichwa nyuma akacheka.

Tangu siku hiyo Fundi Baridi akawa mtu wa hatari kwa wenye mafriji mabovu. Ulimwita aje kuangalia gesi, akaishia kukuuliza una watoto wangapi, wana umri gani, na kama yupo ambaye hajapelekwa shule kwa sababu ya hili au lile. Wengine walimwambia ashike bisibisi yake. Hakujali. Shangazi alikuwa amebadilika kuliko wote. Mwenye kusitasita akiletwa nyumbani, yeye ndiye aliyemkalisha chini na kumsimulia habari za mate, choo na vitambaa ambavyo havikuhitajika.

Msimu wa uandikishaji ulipozunguka tena, Fundi alikuwa kwenye nyumba moja, ghorofa ya tatu, akibadilisha raba ya mlango wa friji. Mwenye nyumba alikuwa mama kijana, msusi, na nyuma ya kiti chake alijificha mtoto wa kike anayepapasa ukuta kwa vidole. Haoni, mama yake akasema kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi. Fundi akaiacha raba inaning'inia.

"Unafanya nini kesho asubuhi?"

Kesho yake walikuwa foleni ileile, kwenye mabomba ya maji, Fundi, Shangazi, yule mama na binti yake. Mama alikuwa amemshika mtoto mkono kwa nguvu. Mara mbili alisema labda warudi mwaka ujao. Shangazi akamwekea mkono begani. "Na mimi nilisema hivyohivyo, mwanangu," akasema. "Songa, foleni inakwenda."

Walipofika mezani, karani aliivaa miwani yake, akamwona Fundi, akauficha mkono wake wa kulia chini ya meza kabla haujatikiswa.

"Leo umetuletea nani?"

Fundi akafungua mdomo. Akaufunga. Akarudi nyuma hatua moja, amwachie mwenyewe nafasi.

Mama kijana akamsogeza binti yake mbele. "Sijui nianzie wapi," akasema.

"Anzia popote," karani akasema, akimsogezea kiti. "Tunakusikiliza."